Siku ya Mvua kwenye Msitu wa Himalaya: Mwongozo wa Kutembea na Wanyama wa Mizigo kutoka Yuksom hadi Tshoka

Yuksom ni kijiji cha magharibi mwa Sikkim, jimbo dogo la India lililobanwa kati ya Nepal, Bhutan na Tibet. Mfalme wa kwanza wa Sikkim alitawazwa hapo mwaka 1642, na kiti chake cha mawe bado kinaonyeshwa chini ya miti. Lakini msafiri wa leo anakijua kijiji hiki kwa sababu nyingine, nayo ni kwamba anayekwenda milimani huliacha gari hapo. Kwenye mwinuko wa mita 1,780 hivi inaanza njia ya miguu inayopenya Hifadhi ya Taifa ya Khangchendzonga hadi Dzongri na Goecha La, chini ya Kangchenjunga, mlima wa tatu kwa urefu duniani. Kila kinacholiwa na kila kinacholaliwa huko juu hupanda mgongoni: pengine mgongo wa mpagazi, mara nyingi zaidi mgongo wa dzo, yaani chotara wa yaki na ng'ombe.

Mwongozo huu unashughulikia siku moja tu ya safari hiyo, ile ya kwanza, ambayo ni kama kilomita 16 za msitu kutoka Yuksom hadi kambi ya Tshoka, na unachukulia kwamba mvua inanyesha. Wageni wengi hujiandaa vizuri kwa theluji na hewa nyepesi ya siku ya tano, kisha wakaharibikiwa siku ya kwanza, tena mahali pasipo na baridi kali, kwa sababu mfuko wa kulalia ulishalowa kabla ya daraja la tatu. Kosa hilo nimelifanya mwenyewe. Nililojifunza ni kwamba siku ya mvua haipangwi kwa nguvu za miguu yako bali kwa mnyama aliyebeba malazi yako: anapatikana saa ngapi asubuhi, anakwenda vipi kwenye tope, anafika saa ngapi, na mzigo wake utafunguliwa ukiwa katika hali gani.

Ijue kwanza mvua yenyewe

Mvua kubwa za Himalaya ya mashariki huanza mapema Juni na kuisha mwishoni mwa Septemba au siku za mwanzo za Oktoba. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ana ujamaa nazo. Upepo wa kusi, ule uliokuwa ukiyapeleka majahazi kaskazini kutoka Zanzibar, huvuka ikweta kandokando ya Somalia, hupinda kuelekea India, huchota mvuke wa bahari njia nzima, na tawi lake linaloingia kwa Ghuba ya Bengal huubwaga mvuke huo kwenye kuta za milima. Hata neno letu "msimu" tulilitoa kwa Waarabu, na neno hilohilo la Kiarabu ndilo mzizi wa jina ambalo lugha za Ulaya huziita mvua hizo. Katika miezi hiyo simshauri mtu apande, kwa kuwa barabara za kufikia Yuksom humeguka mara kwa mara na msituni ruba huwa wengi kupita kiasi.

Safari hufanywa Aprili na Mei, au Oktoba na Novemba, na hata wakati huo mvua ipo. Aprili na Mei ina tabia yake: asubuhi huwa wazi, mawingu huanza kupanda kutoka bondeni kabla ya adhuhuri, na alasiri hunyesha, wakati mwingine mvua ya mawe. Mwanzo wa Oktoba huwa na mabaki ya mvua kubwa, ambayo yanaweza kunyesha kutwa nzima bila ngurumo wala haraka. Kwa hiyo siku ya mvua ihesabu tangu ukiwa nyumbani kama sehemu ya safari.

Vibali nitavipita upesi. Mgeni asiye raia wa India anahitaji kibali cha kuingia Sikkim na kingine cha safari ya milimani. Cha pili hupatikana kupitia wakala aliyesajiliwa, kwa kundi la watu wasiopungua wawili, pamoja na kiongozi. Wakala huyohuyo ndiye anayetafuta wanyama na mchunga wao. Muulize mapema ni wanyama gani, kwa sababu dzo na nyumbu hawatembei sawa kwenye utelezi. (Nyumbu ninayemtaja hapa ni baghala, mtoto wa punda na farasi, si yule wa Serengeti.) Kwato za dzo zimepasuka katikati, hutanuka na kushika udongo, nyumbu aliyepigiliwa vyuma huenda vizuri kwenye tope lakini huteleza kwenye jiwe lililolowa. Yaki mwenyewe hatumiki sana huku chini kwa kuwa joto humsumbua, na ndiyo maana wenyeji wakamtafuta chotara.

Jioni ya kabla: gawa mzigo kwa kufikiria utafunguliwa wapi

Kazi hii ifanywe Yuksom, chini ya paa, usiku mmoja kabla ya kuondoka. Anayeifanya asubuhi kwenye manyunyu huwa ameshaianza siku na mzigo mbichi.

Tenga mafungu matatu. La kwanza ni utakachobeba mwenyewe mgongoni, nacho ni kila kitu utakachohitaji iwapo mnyama wako atafika saa mbili au tatu baada yako: koti la mvua, sweta kavu ndani ya nailoni, soksi kavu, kofia, tochi ya kichwani, chakula cha mchana, chupa ya chai ya moto, chumvi, dawa, kibali na pasipoti. La pili ni malazi na nguo za usiku. La tatu ni vyombo, chakula na majiko. Katika njia hii kuni za msituni haziruhusiwi kwa wasafiri, hivyo kundi hupanda na mafuta ya taa au gesi yake, na ushauri wangu wenye uchungu kidogo ni kwamba mafuta ya taa yasipande mgongo mmoja na mchele. Niliwahi kula wali wenye harufu ya kibatari kwa siku nne mfululizo kwa sababu mfuniko wa dumu ulilegea kwenye mteremko, na hakuna duka la kununua mchele mwingine huko juu.

Kuhusu maji, wengi hutegemea turubai linalofunikwa juu ya mzigo, na turubai peke yake halitoshi. Dzo hupita akijisugua kwenye miti na miamba bila kujali upana wa alichobeba, kwa hiyo kufikia mchana turubai huwa limeshatoboka pembeni. Zaidi ya hayo, maji hayaingii kwa juu tu, bali hupanda kutoka chini pamoja na jasho la mnyama na tope linalorushwa na kwato. Kinga ya kweli huwa ndani. Weka mfuko wa kulalia kwenye mfuko mzito wa nailoni, toa hewa, pinda mdomo mara tatu na ufunge. Uingize kwenye mfuko wa pili wa namna hiyo huku mdomo ukielekea upande wa pili. Kisha tumbukiza vyote ndani ya kiroba, ambacho kazi yake ni kupokea misuguano tu. Kiroba kikichanika, hakuna hasara. Begi la gharama lenye zipu nyingi ni bora libaki nyumbani, kwa sababu kamba ya mchunga hupita juu ya zipu hizo bila huruma.

Halafu pima. Mnyama mmoja kwa kawaida hubeba kilo 50 hadi 60, zilizogawanywa pande mbili mithili ya shogi la punda. Jambo la lazima si jumla ya uzito pekee, bali ulinganifu wake: upande mmoja ukizidi kwa kilo tatu au nne, tandiko huanza kuhama polepole, ukanda wa tumboni huchuna ngozi, na mnyama hutembea akiwa amepinda. Mzani wa kuning'iniza wa bei ndogo unatosha kabisa. Kumbuka pia kwamba mvua huongeza uzito: hema lililolowa ni zito kuliko lilipokuwa kavu, hivyo usijaze hadi kikomo siku ambayo anga imeshaziba.

Asubuhi: mngojee mnyama

Aliyezoea Kilimanjaro, ambako mzigo hupimwa getini na mpagazi huondoka nao mara moja, atapata shida ya uvumilivu hapa. Dzo hawafungwi zizini usiku. Huachiwa wajilishe msituni, na alfajiri mchunga huingia kwenye ukungu kuwatafuta kwa kusikiliza kengele iliyo shingoni mwa kila mmoja. Siku ya jua anaweza kurudi baada ya nusu saa. Siku ya mvua wanyama hujibanza chini ya miti mikubwa na kusimama kimya, kengele hailii, na mchunga anaweza kuzunguka hadi saa tatu asubuhi. Kumfokea hakusaidii. Mchunga mwanamume aliyekuzidi umri au mliyelingana huitwa "dai", yaani kaka kwa Kinepali, na ukimpokea na kikombe cha chai anapotoka msituni amelowa chapachapa hadi mapajani, utakuwa umefanya jambo la maana kuliko kutazama saa.

Hapohapo pana tahadhari ya saa kwa Mswahili. Watu wa Sikkim huhesabu saa kama Wazungu, kuanzia usiku wa manane na adhuhuri: akikuambia "chha baje" asubuhi, yaani sita, ni saa kumi na mbili yetu. Nimemwona mwenzetu aliyekwenda kulala tena kwa hesabu ya saa sita za Kiswahili.

Wanyama wakifika, angalia mambo mawili kabla mzigo haujapanda. La kwanza ni mgongo. Manyoya yakiwa yamelowa na kuna vijiti au changarawe, yapanguswe kwa gunia kavu, na blanketi la chini ya tandiko lisiwe na mikunjo. Unyevu, joto na mkunjo mmoja tu hutosha kufanya kidonda ambacho kitamlemaza mnyama kwa safari nzima. La pili ni ukanda wa tumboni. Mnyama mjanja huvuta pumzi anapokazwa, mchunga humkandamiza kwa goti, na hata hivyo baada ya nusu saa ya kutembea ukanda huwa umelegea, hivyo kituo cha kwanza kiwe cha kukaza upya. Mchunga mzuri hufanya hivyo bila kuambiwa. Mchunga mwenye haraka ya kuikimbia mvua anaweza kusahau, na hapo una haki ya kumkumbusha kwa upole.

Njiani: nani apite, na usimame upande gani

Njia ya kutoka Yuksom hupita kwanza kwenye mashamba ya iliki kubwa nyeusi, kisha huingia msitu wa mialoni na miti mingine mirefu iliyovikwa kuvu na okidi, giza la kijani ambalo mvua hunyesha mara mbili, kwanza kutoka mawinguni na halafu kutoka kwenye majani. Upana wake mara nyingi ni wa mtu na mnyama mmoja, mlima ukiwa upande huu na korongo upande ule.

Kanuni iliyo juu ya nyingine zote ni hii: ukisikia kengele, sogea upande wa mlima, simama, na ubaki hapo hadi mnyama wa mwisho apite. Usisimame kamwe upande wa bonde. Dzo hana kisa na wewe. Tatizo ni kwamba anajua upana wa mwili wake na hajui upana wa mzigo, na kiroba cha kilo 30 kinachokugusa begani kwenye njia iliyolowa kinatosha kukutupa chini. Begi lako la mgongoni nalo ligeuzie mlimani, lisichomoze njiani. Ukiweza, chagua mahali njia inapopanuka kabla hawajakufikia, kuliko kujibanza palipo pembamba wakiwa wameshafika. Jihadhari zaidi na wanaoshuka, kwa kuwa hawa huwa hawana mzigo, wanajua wanarudi nyumbani, na kwenye mteremko wenye utelezi hawawezi kusimama ghafla hata wangetaka.

Usifungue mwavuli mbele ya mnyama. Mwavuli ni kifaa kizuri sana msituni, pengine bora kuliko koti kwa sababu hutokwi jasho chini yake, lakini mlio wake wa kufunguka na ukubwa wake wa ghafla huwashtua wanyama, vivyo hivyo poncho (joho la mvua) inayopepea. Ukisikia kengele, kunja poncho mkononi, ushushe mwavuli taratibu, na uufunge kabla hawajatokea kwenye kona.

Utembee mbele ya msafara au nyuma yake? Mimi hupendelea nyuma, umbali wa hatua mia moja hivi, ingawa njia inakuwa imeshavurugwa. Aliye nyuma huona mzigo unaoanza kuinama na turubai lililochanika, na huokota kilichodondoka. Aliye mbele hufika kambini mapema akakaa kwenye baridi bila nguo kavu, akiwa amemwachia mchunga kazi ya macho yote. Gharama ya kuwa nyuma ni tope. Wanyama hukanyaga palepale alipokanyaga wa mbele, mpaka njia inakuwa na vishimo vilivyojaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, na kati ya kishimo na kishimo panabaki tuta dogo. Usikanyage kilele cha tuta, kwa maana huteleza. Kanyaga pembeni mwake, au chagua jiwe lenye mikwaruzo ya kwato badala ya lile lenye kuvu laini. Mizizi iliyolowa ni hatari kuliko mawe. Fimbo mbili za kutembelea husaidia, isipokuwa mnyama anapopita: hapo zishikilie wima karibu na mwili.

Wachunga wengi huvaa gambuti, na sielewi kwa nini wageni huwacheka. Gambuti halipitishi maji, huoshwa kijitoni kwa dakika moja, na ruba hupata shida kulipanda. Kwa mgeni anayeendelea hadi Dzongri buti za kawaida bado ni bora kwa sababu ya kifundo, lakini kwa siku hii moja, ningekuwa na nafasi kwenye mzigo, ningevaa gambuti.

Ruba

Chini ya mita 2,500 hivi, palipo na unyevu, watakuwepo. Ruba wa nchi kavu wa Himalaya ni mwembamba kama uzi wa kiatu akiwa na njaa, hukaa kwenye jani au ukingo wa njia akiwa amesimama kwa mkia, akipapasa hewa, na hutambua mtikisiko wa hatua, joto na pumzi ya anayekuja. Kwa hiyo asiyesimama hupata wachache kuliko anayesimama, na wa kwanza kupita huwaamsha tu. Wanaofuata ndio wanaoliwa. Hiyo ni hasara nyingine ya kutembea nyuma ya wanyama, na naikubali.

Vaa soksi ndefu zilizofumwa kwa karibu, chomeka suruali ndani yake, na usugue chumvi au majani ya tumbaku yaliyoloweshwa juu ya soksi na shingo ya buti. Mvua huiosha chumvi, kwa hiyo rudia kila kituo. Baadhi ya watu hubeba chumvi ndani ya kitambaa kilichofungwa kwenye ncha ya kijiti. Kitambaa kinapolowa huwa tayari kama brashi ya kumgusia ruba aliye kwenye buti, naye huachia mara moja. Kila baada ya robo saa mkaguane, kwa kuwa ruba anaposhika huwezi kumhisi.

Aliyekwisha kushika ngozini asing'olewe kwa nguvu wala asichomwe kwa kiberiti, kwa sababu anaweza kutapika alichonyonya ndani ya kidonda. Tafuta upande wake mwembamba, ambao ndio wenye mdomo. Pitisha ukucha sambamba na ngozi ukisukuma kwa pembeni mpaka uachie, fanya vivyo hivyo upande mnene, kisha mrushe kabla hajakushika kidole. Jeraha litatoka damu kwa muda mrefu, pengine saa kadhaa, kwa sababu mate yake yana kitu kinachozuia damu kuganda. Damu hiyo hutisha kwa macho tu. Osha, kandamiza kwa kitambaa safi, funga bandeji, na usikune siku zinazofuata.

Wanyama nao huteseka. Mbali na ruba wa majani, yupo wa majini ambaye huingia puani mwa mnyama anapokunywa kijitoni, akakaa humo na kunenepa. Ukiona dzo anapiga chafya, anatikisa kichwa, au damu nyembamba inatoka pua moja, mwambie mchunga. Yeye anajua la kufanya.

Madaraja

Kabla ya mpando wa mwisho njia huvuka madaraja manne, la mwisho likiwa juu ya mto Prek Chu, ambao siku ya mvua husikika muda mrefu kabla haujaonekana. Madaraja yanayoning'inia hupambwa kwa bendera za sala, nayo hupokea uzito kwa kutikisika. Waache wanyama wavuke wote kwanza, kwa idadi anayoitaka mchunga, na usiingie darajani mnyama akiwa juu yake, hata akiwa ng'ambo karibu na kushuka. Wakisita mlangoni, usiwapigie kelele kwa nyuma, kwa sababu mnyama aliyekwama mbele na kusukumwa nyuma hugeuka palepale, na hapo hakuna nafasi ya kugeukia.

Vijito visivyo na daraja vitazamwe kwa dakika moja kabla ya kuvuka. Maji yaliyobadilika ghafla kuwa ya kahawia, au yanayoleta vijiti na majani, yana maana kwamba juu kuna mvua kubwa kuliko iliyo juu yako. Palipo na udongo mwekundu uliochanika upya, mawe madogo yakiwa bado yanadondoka, mpite mmoja mmoja bila kusimama, na mapumziko ya chai yasubiri hadi mfike penye miti mizima.

Sachen: fanya uamuzi hapa

Sachen iko kama kilomita 8 kutoka Yuksom, kwenye mwinuko wa mita 2,200 hivi, ndani ya msitu. Ni mahali penye giza na unyevu, wala hapana mandhari ya kusifia, na ndiyo sababu watu hupenda kupapita. Mimi nashauri tofauti: mvua ikiwa haijakatika na wanyama wakiwa hawajafika Sachen saa saba mchana, laleni hapo.

Sababu ni tatu na zote zinategemeana. Kutoka Prek Chu hadi kituo cha Bakhim na kuendelea Tshoka ni mpando mkali, nao ndio unaowachosha wanyama waliobeba mizigo iliyolowa. Giza nalo huingia mapema, kwa sababu Sikkim iko mashariki mwa India lakini inafuata saa moja na nchi nzima: Novemba jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, na chini ya miti giza hutangulia. Tena, Tshoka iko karibu na mita 3,000, na joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo mtu aliyelowa Yuksom bila kuhisi baridi atatetemeka Tshoka kwa nguo zilezile. Mwenzako akianza kujikwaa, kunyamaza isivyo kawaida, kushindwa kufunga kifungo au kusema maneno yasiyoeleweka, baridi imeshamwingia mwilini. Msimamishe, mvue nguo mbichi, mvike kavu, mpe kinywaji cha moto chenye sukari kama anaweza kumeza vizuri, na msiendelee kupanda siku hiyo.

Kulala Sachen kuna faida nyingine isiyohusiana na mvua: mwili unapata usiku mmoja zaidi wa kuzoea kimo kabla ya kuukaribia mwinuko wa mita 3,000.

Kambini: mnyama kwanza

Mzigo ukifika, kishawishi cha kila mtu ni kufungua kiroba chake na kutafuta soksi. Subirini. Kwanza wanyama wafunguliwe, kwa kuwa mchunga hawezi kuwaachia wakajilishe kabla ya giza ikiwa watu wamemzonga. Shikeni mzigo wa pande zote mbili kwa pamoja anapofungua kamba. Upande mmoja ukitolewa peke yake, wa pili huanguka na kuvuta tandiko zima chini ya tumbo la mnyama. Dzo hupewa chumvi kiganjani, na hiyo ndiyo inayomrudisha kesho asubuhi. Kama mchunga ameridhia, omba umpe wewe: ulimi wake ni kama msasa, na ukishalambwa naye utamtambua kati ya wenziwe wote.

Mizigo ipangwe juu ya mawe au magogo, isigusane na ardhi, na viroba vifunguliwe chini ya paa tu. Pale Tshoka mara nyingi kuna kibanda cha wasafiri. Kama hakuna nafasi, simamisheni hema la jikoni kabla ya mahema ya kulalia, mfungue humo.

Majiko yakishawaka, wenyeji wanaweza kukukaribisha tongba: ulezi uliochachushwa, ukawekwa ndani ya kopo la mwanzi, ukamiminiwa maji ya moto na kunyonywa kwa mrija. Mtu wa Moshi ataikumbuka mbege kabla hajameza, na kwa haki, kwa sababu ulezi huo asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki na Ethiopia. Onja. Lakini usiku wa kwanza penye mita 3,000 si wakati wa kuongeza maji ya moto mara tatu.

Kuhusu nguo, nguo mbichi za mchana zikamuliwe na kutundikwa, ingawa kwenye unyevu ule hazitakauka. Usiziingize kwenye mfuko wa kulalia kwa matumaini kwamba joto lako litazikausha, isipokuwa soksi moja nyembamba iliyokamuliwa sana. Zaidi ya hapo utahamisha maji kutoka kwenye nguo kwenda kwenye malazi. Vaa zile kavu za usiku, lala. Asubuhi, hata jua likiwa limetoka na mlima umefunguka, zivue, zirudishe kwenye nailoni zote mbili zikiwa kavu, pinda mdomo mara tatu kama ulivyofanya Yuksom, kisha vaa tena zile mbichi. Baridi yake ni ya dakika kumi za kwanza, na dakika hizo zitakukuta umesimama mlangoni, ukisikiliza kama kengele zinasikika.